Kabla Jino Halijatupwa Ndooni

(Hotuba kwa watumishi wa afya ya kinywa na wananchi, Tanga, katika maadhimisho ya Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, 20 Machi)

Mganga Mkuu, walimu wangu, watumishi wenzangu wa idara za meno, wazee wetu mliowahi kufika kuliko hata sisi wenyeji, shikamooni. Vijana, hamjambo. Assalaam alaykum, na Bwana asifiwe.

Nimepewa muda mfupi na mada moja, kwa hiyo sitazunguka. Kila siku ya kazi, katika kliniki za meno za nchi hii, jino linang'olewa, mgonjwa akitaka kuliona anaonyeshwa, kisha linadondoshwa kwenye ndoo ya taka za hospitali na kwenda kuchomwa. Mgonjwa anauma pamba, anapewa dawa ya maumivu, anaambiwa asisukutue mpaka kesho, anaondoka. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo kazi inavyokwenda. Ninachokuja kusema leo ni kwamba kitu kile kinachodondoka ndooni ni malighafi ya kurudishia mfupa wa mgonjwa yule yule, na kwamba suala la kukitumia au kutokitumia lizungumzwe kabla ya sindano ya ganzi. Jino likishatupwa hakuna cha kuzungumza tena.

Tuanze na mfupa wenyewe, maana wengi wetu tunaamini tundu la jino hujaa lenyewe na mambo yakaisha. Kujaa linajaa, ni kweli. Damu inaganda, ufizi unafunga, na ndani ya miezi michache mfupa mpya unaota. Lakini kingo za tundu zinashuka na kusogea ndani. Mfupa unaoshika meno upo kwa ajili ya meno. Ukuta wake wa nje, ule wa upande wa mdomo na shavu, ni mwembamba sana. Kwenye meno ya mbele ya juu mara nyingi haufiki hata milimita 1. Sehemu kubwa ya ukuta huo inalishwa na mishipa midogo ya damu iliyomo katika utando unaofunga mzizi wa jino na mfupa. Siku jino linapotoka, utando ule unakatika, ukuta unakosa lishe, unaanza kuyeyuka.

Kasi yake inashangaza. Mwaka 2003 Schropp na wenzake kule Denmark walichapisha uchunguzi wa wagonjwa waliong'olewa magego, wakafuatiliwa kwa miezi 12. Upana wa mfupa ulipungua karibu nusu, na theluthi mbili za upungufu huo zilitokea ndani ya miezi 3 ya kwanza. Nawaomba muishike hiyo miezi 3. Mgonjwa anayekwambia "ngoja kwanza nijipange, nitarudi mwakani kuweka jino," akirudi anakuta kiwanja kimeshaliwa.

Athari zake mnazifahamu nyinyi mlioketi hapa na meno ya bandia mdomoni. Mama mmoja aliwahi kuniletea meno yake ya chini yakiwa yamefungwa kwenye leso. Yalikuwa meno mazuri, fundi alifanya kazi yake sawasawa. Lakini kila akitafuna yanaelea, kila akicheka yanaruka, na ufizi umechubuka kila mahali. Nikapitisha kidole juu ya taya lake la chini: pale palipotakiwa kuwa na tuta pana la kuyakalia meno, palibaki ukingo mwembamba kama kisu. Yule mama aliacha kula mbele za watu. Hata harusini kwa mwanawe alikaa na sahani yake bila kuigusa. Hali ile haikuletwa na fundi wala na uzee peke yake. Ilianza miaka mingi nyuma, siku za kung'olewa jino moja moja, bila mtu yeyote kumwambia kwamba kila jino linaondoka na kipande cha mfupa.

Sasa jino linaingiaje hapa?

Wenzangu mliowahi kushughulika na watoto walioanguka kwenye baiskeli, au vijana waliogongwa na bodaboda, mnaijua habari hii. Jino la mbele la ukubwani, si la utoto, lililong'oka lote zima halitakiwi kutupwa. Shika upande wa kichwa cha jino, usiguse mzizi. Lisuuze haraka, lirudishe tunduni, na kama huwezi liweke kwenye maziwa ukimbie hospitali, kila dakika ina thamani. Wananchi, hili likumbukeni hata mkisahau mengine yote ya leo. Jino lililorudishwa likichelewa sana, utando wa mzizi unakuwa umekufa. Hapo mwili unafanya jambo la ajabu: unaushika mzizi kwa mfupa moja kwa moja, bila utando katikati, kisha taratibu unaumumunya mzizi na kuweka mfupa mahali pake. Mwaka 1984 Barbro Malmgren na wenzake huko Sweden waliitumia tabia hiyo kwa makusudi. Kwa vijana ambao jino lao la namna hiyo lilikuwa limekwama huku taya likiendelea kukua, walikata kichwa cha jino na kuuacha mzizi chini ya ufizi. Mzizi ukageuzwa mfupa, na kimo cha taya kikahifadhika.

Kwa hiyo mwili wenyewe umetuonyesha kwamba unaliona jino kama ndugu wa mfupa. Na kweli ni ndugu. Dentini, yaani ile sehemu kubwa ya jino iliyo chini ya enameli, gamba gumu la nje, kwa uzito ina madini karibu asilimia 70, protini karibu asilimia 20, iliyobaki ni maji. Mfupa nao hauko mbali na hapo. Madini ni yale yale ya kalsiamu na fosfeti. Protini kubwa ni ile ile, kolajeni ya aina ya kwanza. Hata katika mimba, chembehai zinazotengeneza dentini na zile zinazotengeneza sehemu kubwa ya mifupa ya uso zinatoka katika tabaka moja.

Kuna jambo la tatu ndani ya dentini, nalo ndilo lililowaamsha wanasayansi. Mwaka 1965 daktari wa mifupa Marshall Urist, wa Los Angeles, alichapisha kazi iliyotikisa fani yake. Alichukua mfupa, akauondoa madini kwa asidi, akaupandikiza kwenye msuli wa mnyama, mahali ambapo mfupa hauna sababu yoyote ya kuota. Mfupa ukaota. Ikaonekana kwamba katika kile kilichobaki kuna protini zinazoamuru chembehai za jirani zijenge mfupa. Miaka miwili baadaye, 1967, Urist akishirikiana na Yeomans alionyesha kwamba dentini iliyoondolewa madini inafanya kazi hiyo hiyo. Fikirini: 1967. Elimu hii ina umri wa wazee wengine waliomo humu ukumbini, lakini meno yameendelea kwenda kwenye tanuru.

Kilichokosekana kilikuwa njia ya haraka ya kulitengeneza jino mgonjwa akiwa bado kitini. Japani walitangulia: Masaru Murata na wenzake wa Hokkaido walitoa taarifa mwaka 2003 ya mgonjwa aliyewekewa dentini ya jino lake mwenyewe ili kunenepesha mfupa wa taya la juu. Korea Kusini wakaanzisha huduma ya kupokea jino kutoka kliniki, kulitengeneza maabara na kulirudisha likiwa tayari. Kisha mwaka 2014 Itzhak Binderman na wenzake wa Tel Aviv, Israeli, wakaeleza utaratibu wa kulisaga na kulisafisha jino papo hapo, katika ziara ile ile ya kung'oa. Leo kuna mashine za aina kadhaa, zikiwemo za Italia zinazofanya kazi yote zenyewe.

Niwaonyeshe kazi inavyokwenda, ili lisibaki jambo la kusikia tu.

Tuseme ni gego la chini, limepasuka, haliokoki. Ganzi imeshika. Halivutwi kwa nguvu. Linakatwa katikati ili kila mzizi utoke kwa njia yake bila kuvunja ukuta wa mfupa. Tundu linakwanguliwa vizuri, nyama yote yenye ugonjwa inatoka, mpaka damu safi ichuruzike kutoka kwenye mfupa. Wakati daktari anabonyeza shashi tunduni, msaidizi yuko na jino mezani. Kwa kekee anatoa sehemu iliyooza, anatoa kijazio kama kipo, anakwangua ukoga mgumu na vinyuzi vya utando vilivyobaki kwenye mzizi, anasafisha njia ya kiini. Kinachobaki ni dentini ya rangi ya pembe, na mara nyingine enameli kidogo. Inakaushwa kwa hewa hadi ikauke kabisa, maana jino lenye unyevu linaganda kwenye visu.

Halafu mashine. Inasaga kwa sekunde chache tu, na chembe zinapita kwenye chekeche. Zinazotakiwa ni zenye ukubwa wa kati ya mikroni 300 na 1,200, yaani milimita 0.3 hadi 1.2. Unga laini kuliko hapo huliwa na mwili haraka kabla mfupa haujapata muda wa kujijenga. Vipande vikubwa kupita hapo hukaa kama mawe na vinaweza kukataliwa. Chembe zilizochaguliwa zinalowekwa dakika kama 10 katika mchanganyiko wa sodiamu haidroksaidi na ethanoli, unaoua vijidudu na kumaliza mabaki ya nyama, kisha zinasuuzwa vizuri kwa maji ya chumvi yenye fosfeti. Mifumo mingine inaongeza hatua ya asidi ili kupunguza madini na kuziweka wazi zile protini alizozigundua Urist.

Mgonjwa bado yuko kitini. Chembe zinachanganywa na damu yake, zinashikana, zinachotwa na kuwekwa tunduni mpaka usawa wa kingo, bila kushindiliwa, kwa sababu damu inahitaji nafasi ya kupita kati yake. Juu panafunikwa, ufizi unashonwa. Wengine wanafunika kwa utando unaotokana na damu ya mgonjwa iliyozungushwa kwenye mashine ya maabara, mbinu iliyoletwa na Joseph Choukroun wa Ufaransa mwaka 2001. Jino ni lake, damu ni yake. Baada ya miezi 3 au 4 tunapiga picha, na kama mfupa umekomaa, kipandikizi cha jino, yaani mzizi wa bandia unaosimikwa kwenye mfupa ili ubebe jino, kinaweza kuwekwa. Waliochukua kipande kidogo cha mfupa huo na kukitazama kwa darubini wamekuta mfupa mpya umeota na kushikamana na chembe za dentini pasipo kitu katikati, huku dentini yenyewe ikipungua polepole.

Na gego moja linatoa kiasi gani? Zaidi ya linavyoonekana. Likisagwa, ujazo wake unaongezeka kwa sababu ya nafasi kati ya chembe, hivyo mara nyingi linatosha tundu lake na kubaki. Ndiyo maana gego la mwisho lililotoka kwa sababu ya kukwama linaweza kujaza tundu la jino jingine la mgonjwa huyo huyo siku hiyo hiyo.

Si kila jino linafaa, na hapa nawaomba wenzangu msilegeze. Jino lililotibiwa mzizi lina vijazio na dawa ndani yake, liacheni. Jino lililooza mpaka halina dentini ya maana, liacheni. Tundu lenye usaha unaotoka halijazwi chochote siku hiyo, tibuni kwanza. Mgonjwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, anayevuta sigara sana, aliyepigwa mionzi ya saratani tayani au anayetumia dawa za kukaza mifupa anahitaji mazungumzo marefu zaidi kabla ya kugusa chochote. Na jino la mtu mmoja halitumiki kwa mwingine. Kila jino linakaa kwenye chombo chenye jina la mwenyewe tangu linapotoka mpaka linaporudi, na chumba cha kusagia kinasafishwa na kuuliwa vijidudu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kliniki isiyoweza kulihakikisha hilo isianze.

Najua mtauliza: si kuna mifupa ya dukani? Ipo. Upo unga wa mfupa wa ng'ombe, ambao umeondolewa protini zote na hukaa mwilini miaka mingi bila kuisha. Upo wa nguruwe. Upo unaotokana na mifupa ya watu waliofariki na kuruhusu itumike. Ipo ya kutengenezwa kiwandani. Inafanya kazi, na wagonjwa wengi duniani wamefaidika nayo. Tunaweza pia kuchukua mfupa wa mgonjwa mwenyewe kutoka kidevuni, nyuma ya taya au nyongani, na huo kwa muda mrefu ndio umehesabiwa kuwa bora, ila unamwachia mgonjwa kidonda cha pili na maumivu ya pili.

Katika mwambao huu swali la kwanza la mgonjwa huwa: "Daktari, huo unga ni wa mnyama gani?" Ni swali la haki, anastahili jibu la kweli, na anastahili kuulizwa yeye kabla hajauliza. Nimeona wagonjwa wakikataa matibabu kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaambia kitu kinachowekwa mdomoni mwao kimetoka wapi. Kuhusu hukumu ya kila kimoja, mwenye elimu ya dini ndiye wa kuulizwa, si mimi. Lakini jino la mgonjwa mwenyewe linamwondolea sehemu kubwa ya wasiwasi huo. Angalizo moja tu: hata ukitumia dentini yake, ule utando wa kufunikia, kama ni wa dukani, mara nyingi ni kolajeni ya nguruwe au ya ng'ombe. Someni maandishi ya pakiti, mwambieni mgonjwa.

Niseme wazi pia mipaka ya ushahidi. Tafiti zilizokusanywa na kulinganishwa mpaka sasa zinaonyesha dentini ya mgonjwa inahifadhi mfupa kwa kiwango kinachokaribiana na vifaa vingine tulivyozoea. Nyingi kati yake zina wagonjwa wachache na zimefuatilia kwa muda mfupi. Atakayewaambia kwamba hii ni bora kuliko vyote, au kwamba mfupa hautapungua hata kidogo, anawauzia kitu. Mfupa utapungua kidogo bado. Tunachofanya ni kupunguza hasara, na kwa mtu anayetaka kuweka kipandikizi au meno ya bandia yanayokaa, tofauti ya milimita mbili ndiyo inayoamua kama atatibiwa kwa hatua moja au kwa upasuaji wa ziada.

Sidai pia kwamba kila tundu lijazwe. Jino la nyuma kabisa likitoka, na hakuna mpango wa kuweka kitu pale, liacheni lipone lenyewe. Mnaopaswa kuzungumza nao ni yule kijana aliyevunjika jino la mbele mpaka kwenye mzizi, yule mama anayepoteza gego la kutafunia akiwa na miaka 35, yule mzee anayeng'olewa meno ya mwisho ya chini na anataka bandia zitakazotulia.

Mganga Mkuu, naleta ombi. Mashine hizi zinatoka nje na si za bei ya kila zahanati, wala hakuna haja ya kila zahanati kuwa nayo. Moja katika hospitali ya rufaa, pamoja na watumishi wawili watatu waliofundishwa vizuri na daftari la kufuatilia kila mgonjwa kwa picha na vipimo, ingetosha kuanzia. Daftari hilo ndilo ninalolitilia uzito wote hapa. Matokeo ya Hokkaido na Tel Aviv tunayasoma. Ya wagonjwa wetu, wenye lishe yetu na wanaofika kwetu wakiwa wamechelewa, hatutayapata kwa kusoma ya wengine.

Na kwenu matabibu vijana mlioko wilayani, ambao mashine hii huenda msiione karibuni: kuna sehemu ya kazi hii isiyohitaji mashine. Kata ufizi pale tu inapobidi. Gawanya mizizi badala ya kuvunja ukuta. Usiminye tundu kwa vidole mpaka kuta zikutane, ile tabia ya kulibana ili lifunge haraka. Weka shashi, acha damu igande. Ukuta wa nje ukibaki mzima, umeshinda nusu ya vita kabla hata ya kufikiria kujaza.

Wagonjwa wetu, mkija kung'oa jino, ulizeni mambo matatu kabla ya ganzi: je, jino hili kweli haliokoki? Mkijibiwa ndiyo, ulizeni pengo litawekwa nini na lini. Kisha ulizeni mfupa utahifadhiwa vipi mpaka siku hiyo. Daktari anayejua kazi yake hatakasirika.

Pale meza ya kushoto kuna mifano ya mataya, mmoja kabla ya kung'oa na mwingine mwaka mmoja baadaye, pamoja na chembe za dentini ndani ya kichupa. Shikeni, pimeni kwa rula iliyopo hapo, mulize maswali. Nitakuwepo mpaka saa nane. Asanteni sana kwa kunisikiliza.